Una mwili mkubwa na una mimba, au unaitafuta: mambo ya kufanya kuanzia sasa

Haya nawaandikia dada zangu wenye mwili mkubwa, waliobeba mimba na wanaojiandaa kubeba, na waume zao na mama wakwe zao pia wasome mana chakula cha nyumbani hakiamuliwi na mtu mmoja. Mimi ni mkunga, nimekaa kliniki ya wajawazito muda mrefu, na kinachoniuma ni kwamba mama mnene akija kliniki mara nyingi anakutana na moja kati ya mawili, ama anasemwa vibaya mbele ya wenzake mpaka anaona aibu kurudi, ama haambiwi kitu kabisa kwasababu huku kwetu kunenepa ni kupendeza, ndoa imekukubali, mume anakutunza. Yote mawili yanamuacha bila msaada.

Na sio jambo la watu wachache. Tanzania mwaka 2010 ule utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi ulikuta wanawake 22 kati ya 100 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza, uliofuata wa 2015-16 wakawa 28 kati ya 100. Kenya mwaka 2014 walikuwa 33. Kwa hiyo kwenye benchi la kliniki yenye akina mama ishirini sio ajabu ukawakuta watano au sita, mjini hata zaidi.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaenda mbali: ukishakuwa na mimba kazi yako sio kukonda. Kazi yako ni kusimamia kilo unazoongeza, kupimwa vitu fulani kwa wakati wake, na kuchagua mapema sehemu ya kujifungulia. Kukonda kuna wakati wake, kabla ya mimba na baada ya kunyonyesha kukaa sawa. Na wanawake wengi wanene wanajifungua salama na watoto wazima kabisa, kwa hiyo soma bila hofu lakini soma mpaka mwisho.

Kwanza jua namba zako

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, alafu jibu utakalopata ligawanye tena kwa urefu huo huo. Hiyo ndo BMI. Mfano dada ana kilo 80 na urefu mita 1.60, 80 gawanya kwa 1.60 ni 50, 50 gawanya kwa 1.60 ni 31 na kidogo. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 mpaka 24.9 uko sawa, 25 mpaka 29.9 uzito umezidi, 30 kwenda juu ndo tunaita unene uliopitiliza, na ikifika 35 au 40 hatari zinapanda zaidi. Kama mimba imeshakuwa kubwa tumia uzito uliokuwa nao kabla, au ule ulioandikwa kwenye kadi siku ya kwanza ya kliniki, usitumie wa leo mana humo kuna mtoto, maji na kondo la nyuma. Hiki kipimo hakisemi kila kitu, hakijui wapi ni nyama na wapi ni mafuta, lakini ndo kinachotuambia mama yupi aangaliwe kwa karibu zaidi kwa hiyo usikikwepe.

Kinachoendelea ndani

Hapa nitakaa kidogo kwasababu mama akielewa hii sehemu, mengine yote anayafanya bila kusukumwa.

Mimba yoyote ile, hata ya mtu mwembamba, kondo la nyuma linatoa homoni zinazofanya insulini ya mama, ile inayotoka kwenye kongosho kushusha sukari ya damu, isifanye kazi vizuri. Ni mpango wa mwili ili sukari ikae kwenye damu muda mrefu kidogo na mtoto apate chakula. Kongosho la mama linajibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi na mambo yanaenda. Sasa mama mnene mara nyingi insulini yake ilikuwa inasuasua tangu kabla ya mimba, mafuta mengi mwilini hasa ya tumboni ndo yanafanya hivo, ikija na mzigo wa mimba juu yake kongosho linashindwa kufikia, sukari inapanda, hapo ndo unapata kisukari cha mimba.

Sukari ya mama inavuka kondo kwenda kwa mtoto lakini insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto analetewa sukari nyingi na inabidi atengeneze insulini yake mwenyewe kuishughulikia, na insulini kwa mtoto aliye tumboni inakuza, inaweka mafuta, mabega yanapanuka, tumbo linakuwa kubwa. Ndo unaona mtoto anazaliwa na kilo 4 na nusu watu wanashangilia bonge la mtoto, kumbe kichwa kimepita mabega yakakwama, dakika chache zile zinaweza kuvunja mfupa wa bega, kuumiza mishipa ya fahamu ya mkono au kumnyima hewa. Na akishazaliwa kitovu kimekatwa, sukari ya mama imekatika ghafla lakini insulini yake bado iko juu, sukari yake inashuka, anakuwa mlegevu, anatetemeka, hataki kunyonya. Ukimuona mkunga anamchoma kisigino mtoto wako kupima sukari muda mfupi baada ya kuzaliwa usikasirike, anamuokoa.

Upande wa mama kuna presha. Unene unaongeza sana uwezekano wa presha ya mimba na ile inayoweza kwenda mpaka kifafa cha mimba, yani presha kuanzia 140/90 baada ya wiki ya 20, mara nyingi na protini kwenye mkojo. Kuna damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kuna kupasuliwa, kidonda kuchelewa kupona, kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mimba kutoka na mtoto kufia tumboni navyo vinaongezeka kidogo, ndo mana tunasisitiza kufuatilia mtoto anavyocheza.

Alafu kuna yale ya baadae ambayo watu hawayaongelei. Mtoto aliyekulia tumboni kwa mama mwenye unene na sukari ya juu anakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa utotoni, na baadae presha na kisukari. Utasikia watu wanasema hiyo ni damu ya ukoo, sisi wote wanene. Ukoo unachangia kweli, na chakula cha nyumbani kinachangia, lakini sio hayo tu. Huko Québec, Canada, watafiti waliangalia akina mama waliokuwa wanene sana wakafanyiwa oparesheni ya kupunguza uzito, wakalinganisha watoto waliozaliwa kabla ya oparesheni na wadogo zao waliozaliwa baada. Mama yule yule, ukoo ule ule, na bado wale waliozaliwa baada ya mama kupungua wengi wao hawakuwa na unene waliokuwa nao kaka na dada zao. Simaanishi ukafanyiwe oparesheni. Namaanisha hali ya mwili wako wakati wa mimba inamfikia mtoto, na inabadilika.

Kama bado hujabeba

Wewe ndo una nafasi nzuri kuliko wote, itumie. Huhitaji kufika kuwa kama msichana wa miaka 18. Ukipunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wako, yani kwa mwenye kilo 80 ni kilo 4 mpaka 8, sukari na presha vinaanza kukaa vizuri, na kama hedhi ilikuwa inaruka ruka mara nyingi inaanza kurudi kwenye mstari, mana unene unavuruga homoni na wengi waliokaa muda mrefu bila kushika mimba tatizo liko hapo. (Na mume nae, unene wake unashusha ubora wa mbegu, kwa hiyo hii safari muende wote wawili, sio umuachie mkeo matango wewe unakula chipsi.) Punguza polepole, nusu kilo kwa wiki inatosha, na wakati unapunguza tumia njia ya uzazi wa mpango ili mimba isikukute njiani.

Anza foliki asidi angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha uzazi wa mpango, mikrogramu 400 kila siku, na uendelee mpaka wiki 12 za mimba. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati huo wengi hata hatujajua kama tumebeba, na usipofunga ndo tunapata mtoto mwenye mgongo wazi, wale unaowaona MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wakisubiri oparesheni. Akina mama wanene wana uwezekano wa karibu mara 2 wa hilo tatizo ukilinganisha na wenye uzito wa kawaida. Kama una kisukari tayari, au ulishawahi kupata mtoto wa mgongo wazi, muulize daktari kuhusu dozi kubwa zaidi, usijipangie mwenyewe.

Pima presha na sukari kabla. Mtu anaweza kuwa na kisukari miaka bila kujua, akabeba nacho mimba, na sukari ya juu wiki za mwanzo ndo inayoharibu viungo vya mtoto kama moyo wakati vinatengenezwa.

Zile chai za kukondesha, vidonge vya mtandaoni visivyo na jina la maana, achana navyo. Na hizi sindano za kupunguza uzito ambazo sasa hivi zinasifiwa kila mahali, semaglutide na ndugu zake, hazitumiki kwenye mimba, semaglutide unatakiwa uache angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Zinaweza pia kurudisha uwezo wa kushika mimba haraka kwa hiyo kama unatumia na hujajikinga jiangalie sana.

Umeshabeba: nenda mapema na ujue cha kuomba

Nenda kliniki kabla ya wiki 12. Najua wengi wanaficha mimba mpaka ionekane kwa kuogopa macho ya watu, lakini kwako wewe hizo wiki za mwanzo ni za thamani. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 na wewe usiruke hata moja.

Ukifika, hivi ndo vitu vya kusimamia, kwa adabu lakini bila aibu.

Presha ipimwe kwa kitambaa kinachotosha mkono wako. Hii ni ndogo lakini inaharibu mambo mengi. Kitambaa cha kawaida kwenye mkono mnene kinabana na kinasoma juu kuliko ukweli, mama anaambiwa ana presha wakati hana, anapewa dawa, au vipimo vinapanda vinashuka mtu haelewi. Sema tu "nesi samahani, mkono wangu ni mkubwa, kuna kile kikubwa?" Na sehemu nyingi kipo, kimewekwa kabatini tu.

Sukari ipimwe kwenye damu siku ile ya kwanza, na kama iko sawa irudiwe kati ya wiki 24 na 28 kwa kipimo cha kunywa glukosi gramu 75. Unaenda hujala tangu usiku, wanakupima, unakunywa lile jimaji tamu, wanakupima tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kisukari cha mimba ni kama namba yoyote kati ya hizi imefikiwa au kupitwa: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 saa moja, 8.5 saa mbili (kwa mmol/L). Moja tu inatosha. Usikubali kuambiwa mkojo hauna sukari kwa hiyo uko salama, mkojo hautoshi kabisa kwa hili, mama anaweza kuwa na kisukari cha mimba na mkojo ukasoma safi. Kama kituo chako hawana kipimo, omba uandikiwe rufaa mapema.

Ultrasaundi ya mwanzo, kabla ya wiki 14 ikiwezekana, ili umri wa mimba ujulikane vizuri, na nyingine kati ya wiki 18 na 22 ya kuangalia viungo vya mtoto. Tumbo lenye mafuta mengi linafanya picha isiwe safi kwa hiyo ukiambiwa urudi tena baada ya wiki moja mbili ni kawaida. Na ule mpimo wetu wa mkono na tepu juu ya tumbo kujua mtoto anakua vipi unatudanganya kwa mama mnene, tunaweza tukamuona mtoto mkubwa kumbe mdogo, au kinyume. Ndo mana ultrasaundi ya miezi ya mwisho kwako sio anasa.

Aspirini ya dozi ndogo. Muulize daktari kama unaihitaji, hasa kama BMI ni 35 kwenda juu na kuna kingine juu yake, mfano ni mimba ya kwanza, una miaka 40 au zaidi, umekaa zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita, mama au dada yako alipata kifafa cha mimba, au una mapacha. Ukiwa ulishapata presha ya mimba zamani, au una kisukari au ugonjwa wa figo, hiyo peke yake inatosha kuuliza. Inaanzwa karibu na wiki ya 12. Lakini ni daktari anaamua, usiende duka la dawa kununua ile ya maumivu.

Vidonge vya kuongeza damu meza hata kama unajiona una mwili, mana unene sio damu. Nimeona wanene wengi wana upungufu wa damu, anakula sana lakini ni wanga mtupu na chai kila mlo, na chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kidonge na chai viachanishe saa moja mbili. Na dada, udongo uache.

Kilo ngapi, na kwenye sahani inakuwaje

Kama BMI yako ya kabla ilikuwa 30 au zaidi, lengo ni kuongeza kilo 5 mpaka 9 kwa mimba nzima. Kama ilikuwa 25 mpaka 29.9 ni kilo 7 mpaka 11.5. Mwenye uzito wa kawaida ndo anaruhusiwa 11.5 mpaka 16. Watu wanashtuka, kilo 5 mpaka 9 zinatosha vipi? Hesabu uone: mtoto kilo 3 na kidogo, kondo kama nusu na kitu, maji karibu kilo, mfuko wa uzazi karibu kilo, damu iliyoongezeka kilo na nusu hivi, matiti kidogo. Imeshafika 7 au 8. Mwembamba anahitaji na akiba ya mafuta ya kumbebea miezi ya kunyonyesha, wewe akiba unayo tayari.

Miezi mitatu ya mwanzo huhitaji chakula cha ziada hata kidogo. Baada ya hapo nyongeza ni ndogo, kama yai na ndizi na glasi ya maziwa kwa siku. Ule usemi wa unakula kwa ajili ya watu wawili umewaponza wengi, mama anapakuliwa sahani mbili za wali na mama mkwe amesimama pembeni kuhakikisha imeisha, na kukataa ni utovu wa adabu. Hapo usigombane. Mwambie "mama, daktari amesema mtoto anataka mboga na samaki zaidi, wali kidogo tu" na mara nyingi atafurahi kukupikia hizo mboga, mana anachotaka ni kukuona unatunza mimba ya mwanae.

Sahani yenyewe igawe kwa macho, nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, kachumbari. Robo iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, yai, kuku aliyetolewa ngozi. Robo inayobaki ndo ugali, wali, ndizi, viazi au chapati, na ugali wa dona unakaa tumboni muda mrefu kuliko sembe. Usiache wanga kabisa, mtoto anauhitaji na wewe utapata kizunguzungu. Usifunge ili kupunguza, wala usiruke mlo, ukiruka mchana usiku utakula kwa hasira. Ramadhani ikikukuta na mimba na una kisukari au presha ongea na daktari kabla, dini imempa mjamzito ruhusa, na hata ukiwa hufungi ile meza ya futari yenye mihogo, tambi, viazi vitamu na maandazi kwa pamoja ni wanga juu ya wanga, chagua kimoja.

Mafuta ndo adui aliyejificha jikoni kwetu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120, na sisi mboga tunamimina kutoka kwenye dumu bila kupima, alafu nazi juu. Chukua kijiko, pima, familia ya watu wanne vijiko viwili vitatu kwenye mboga vinatosha, na siku ya nazi usitie mafuta mengine. Chipsi mayai, vitumbua, sambusa, mihogo ya kukaanga, isiwe ya kila siku.

Soda. Chupa ya ml 350 ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai, na wengi wanaambiwa soda nyeusi inaongeza damu au inatuliza kichefuchefu. Haiongezi damu hata tone. Na juisi usijidanganye, juisi ya miwa ni sukari, ya embe iliyowekwa sukari ni sukari mara mbili. Kula tunda lenyewe, kunywa maji. Mama akifanya hili la vinywaji tu bila kubadili kingine nimeona kilo zinatulia.

Kutembea: dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kama ulikuwa hutembei kabisa anza na dakika 10. Shuka kituo kimoja kabla, nenda sokoni kwa miguu, mazoezi haya hayatoi mimba. Simama kama unatokwa damu, unapata maumivu ya kifua au maji yanavuja, na kama daktari alishakukataza mfuate yeye.

Ukikutwa na kisukari cha mimba usilie, wengi wanakidhibiti kwa chakula na kutembea baada ya kula. Isiposhuka kuna vidonge vya metformin na kuna sindano za insulini, na insulini haina madhara kwa mtoto. Kinachomdhuru ni sukari iliyoachwa juu.

Usisubiri siku ya kliniki ukiona haya

Kichwa kinauma sana hakitulii, macho yanaona maruweruwe, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, damu ukeni, au mtoto amepunguza kucheza kuliko alivyozoea. Nenda siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Hili la mtoto kupunguza kucheza wengi wanasubiri mpaka asubuhi, wengine wanaambiwa kunywa kitu cha baridi ulale ubavu. Nenda.

Kujifungua

Usipange kujifungulia nyumbani wala zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Ukiwa na BMI ya 35 au 40 chagua hospitali yenye upasuaji, damu na mtu wa nusu kaputi muda wote, na ukamuone huyo wa nusu kaputi kabla, mana kuipata sehemu ya sindano ya mgongo kwa mtu mnene inachukua muda na hutaki ifanyike kwa papara saa nane usiku. Tafuta ndugu wawili wa kutoa damu. Weka hela ya usafiri pembeni kuanzia mwezi wa saba wa mimba. Unene peke yake sio sababu ya kupasuliwa, unaweza kusukuma vizuri tu, ila uchungu mara nyingi unaenda polepole, kwa hiyo tembea, badilisha mikao, kunywa maji, wape muda.

Ukipasuliwa, kesho yake simama utembee hata kama inauma, kulala tu ndo kunagandisha damu miguuni. Kidonda kikiwa chini ya mkunjo wa tumbo kinakaa na jasho na ndo kinaoza. Osha kama ulivyoelekezwa, kausha kabisa, lala chali kidogo ukinyanyua ule mkunjo kipate hewa, vaa nguo ya ndani ya pamba inayopanda mpaka juu zaidi ya kidonda. Kikitoa usaha, harufu au ukipata homa rudi.

Kunyonyesha na zile siku arobaini

Maziwa ya mama mnene mara nyingi yanachelewa kujaa siku moja mbili zaidi. Hapo ndo bibi anakuja na chupa, maziwa hayatoshi huyu mtoto analia. Yale machache ya njano ya mwanzo yanamtosha mtoto mwenye tumbo dogo vile, muweke kwenye titi ndani ya saa moja ya kuzaliwa na kila anapotaka, mara 8 mpaka 12 kwa siku, anavyonyonya ndo yanavyokuja. Titi likiwa kubwa mpakate ubavuni, miguu yake ikielekea mgongoni kwako, na kunja kanga uweke chini ya titi lisimlemee. Hakikisha anashika sehemu nyeusi na sio chuchu tu. Miezi 6 maziwa peke yake. Kwa mtoto huyu ambaye ameshaanza na uwezekano wa kunenepa, na kwako uliyepata kisukari cha mimba, kunyonyesha kunapunguza hatari kwenu wote wawili, na kilo zinashuka taratibu.

Uzazi wetu najua ni mtori, supu, uji wa pilipili manga mpaka mzazi ang'ae. Sikuambii ukatae. Uji upikwe na sukari kidogo, supu engua mafuta ya juu, mtori kula bakuli moja na nyama na mboga pembeni. Na kulala siku arobaini bila kutoka kwa mwili wako ni hatari ya damu kuganda, zunguka ndani, toka uani.

Kama ulikuwa na kisukari cha mimba, rudi upimwe sukari kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, alafu upime tena kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu. Karibu wote wanasahau hapa, sukari imetulia mtoto ameshazaliwa basi, kumbe huyu mama ndo yuko kwenye foleni ya kisukari cha ukubwani. Andika tarehe kwenye kadi ya mtoto, siku ya chanjo yake na wewe upime.

Uzazi wa mpango, vipandikizi, kitanzi au sindano ongea na nesi kulingana na presha yako. Vidonge vyenye homoni mbili vinaongeza hatari ya damu kuganda, na ukiwa mnene unanyonyesha sio vya kuanza navyo. Subiri angalau miezi 24 kabla ya kubeba tena, na kwenye hiyo miaka miwili ndo upunguze zile kilo, mana wengi kila mimba inawaachia kilo tano ambazo mimba inayofuata inaanzia hapo.

Mtoto akifika miezi 6 uji wake usiwe na sukari, asijue soda, asijue juisi ya pakiti, biskuti isiwe ya kumnyamazishia. Akishiba akageuza uso usimlazimishe kumaliza bakuli. Na akipimwa kliniki mwangalie kwenye kadi laini yake ya uzito inavyokwenda, ikianza kupanda kwa kasi muulize nesi siku hiyo hiyo, usisubiri afike shule.